Dau la Sehemu ya Saba

3 Februari

Mdogo wangu,

Usije ukadhani nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu sheria ni sheria, na nikiivunja mara moja tu utaitangaza kwa ukoo mzima.

Nimemaliza sehemu ya tatu ya Wageni wa Mvua. Kwa kuwa kusahau kwako ni kipaji, nakukumbusha tulivyokubaliana. Ukimaliza sehemu moja ya mchezo huu wa kompyuta, unaandika kwenye karatasi unachodhani ndicho kilichotokea, unaweka tarehe na sahihi, unatia posta. Hakuna kufungua sehemu inayofuata kabla barua ya mwenzako haijafika. Na ni karatasi kwa sababu yako wewe, uliyeandika kwenye simu kwamba mwovu ni daktari, kisha ukafuta, ukaapa mbele ya Mama kwamba tangu mwanzo ulisema dereva. Mama alicheka hadi akavua miwani. Akasema, "Kuanzia leo ni karatasi, maana wino haukani."

Wakati ule tulikuwa watatu kwenye kochi moja, kompyuta juu ya stuli, na Mama akitusomea maneno yanayotokea chini ya picha, kila mtu kwa sauti yake: wageni, mpishi, hadi mvua. Alikuwa na kisio lake pia. Silikumbuki tena.

Sasa nyumba aliyotulelea imebomolewa, na maneno uliyonitupia Desemba katikati ya maboksi bado ninayo. Uliniita askari magereza mbele ya wapakiaji mizigo. Mimi nilikuita mgeni rasmi, na sijutii. Dau letu liko palepale: Mama atakaa huku na kule mpaka sehemu ya saba itoke mwezi wa Mei. Atakayekuwa ameijua kweli ya mchezo huu kabla mchezo wenyewe haujaisema, huyo ndiye atakayekaa na Mama moja kwa moja, na mwingine atafunga mdomo. Mama alikuwa jikoni akifunga glasi kwenye magazeti. Hakupinga.

Naongeza sheria moja. Mama hatajwi tena kwenye barua hizi. Kila tukimtaja tunatukanana. Namba yako nimeifungia na haitafunguka. Anayetaka habari za Mama ampigie mwenyewe, simu anayo.

Haya, jibu langu. Tuna nyumba ya wageni kilimani, mvua imekata njia, bibi mwenye nyumba ametoweka, kando ya kisima zimebaki ndala zake tu, na kila sehemu anakufa mgeni mmoja. Skrini ilipokuwa nyeusi na yale maandishi meupe yakatokea, "Mwenye Nyumba yuko wapi?", nilijaza hivi: yuko chini ya kisima, na aliyemtia humo ni mwanawe, yule Mwana wa Mbali. Humwoni? Kila mvua zikianza anatokea na kifurushi cha karatasi ya kung'aa, anamkumbatia mama yake mlangoni, anauliza bati linavuja wapi, kesho yake hayupo. Mtu wa namna hiyo haui kwa chuki. Anaua kwa sababu amechoka kuulizwa atarudi lini.

Soma polepole, kama unaweza.

Dada yako mkubwa


15 Februari

Dada,

Barua imefika, imekunjwa kama shuka za hospitali yako. Hata hasira unaipiga pasi. Nilidhani ukishakuwa msimamizi wa dobi zima utawaachia wengine kazi ya kunyoosha, kumbe bado unanyoosha kila kinachopita mbele yako, watu wakiwemo.

Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya paa la lifti, ghorofa ya sita, nikimsubiri mwenzangu alete kebo. Mahali pazuri pa kukusomea. Hakuna anayesikia mtu akitukana.

Mwana wa Mbali, eti. Wewe ukiona mwanamume anafanya kazi mbali na kwao, umeshamwona muuaji. Mimi nimejaza jina la Binti wa Funguo na sitalibadilisha. Ndiye anayelala na funguo zote kiunoni. Ndiye anayeamua mama yake ale nini, alale saa ngapi, aongee na nani. Wageni wakimuulizia bibi, jibu lake ni moja: "Mama amepumzika." Amepumzika, amepumzika, mpaka wageni wenyewe wanaogopa kuuliza. Mwenye Nyumba hayuko kisimani. Yuko kwenye kile chumba cha juu kinachofungwa kwa nje, na alifia humo kwa kutunzwa.

Kuhusu kusoma polepole: ndiyo, nabonyeza kitufe cha kuruka maneno. Mimi nina lifti kumi za kutengeneza mjini, sina nafasi ya kusoma jinsi mvua inavyonyesha kurasa nne. Mvua ni mvua.

Sheria yako mpya nimeikubali, na nitaishika kuliko wewe. Sitamtaja. Nasema tu furahia sasa, maana Mei haiko mbali.

Mdogo wako, Fundi


4 Machi

Mdogo wangu,

Mimi ndiye nifurahie? Anayefurahi ni wewe, na unajua kwa nini. Tuache hapo kabla sijavunja sheria niliyoitunga mwenyewe.

Nimemaliza sehemu ya nne. Safari hii tunaona kwa macho ya mpishi. Naamini ulilala sehemu hii, kwa hiyo nakuhadithia. Mpishi anaingia chumba cha kulia asubuhi anamkuta mgeni mmoja, yule fundi saa, amekaa mezani, kijiko mkononi, nguo kavu, nywele zimechanwa. Anamwamkia. Anamwamkia tena. Anamgusa bega, na maji yanamtoka fundi saa mdomoni, maji mengi, yanajaa sahani, yanamwagika mezani, na yeye bado ameshika kijiko. Nilizima spika. Mume wangu akaja kuuliza nani amepiga kelele.

Mtu aliyekufa maji hajikaushi akachana nywele. Kuna aliyembeba. Na kuna jambo jingine. Nilirudi kwenye picha ya ndala kando ya kisima, nikaikuza. Soli zake ni safi. Mvua imenyesha, kila mahali tope, soli hazina hata chembe. Kwa hiyo bibi hakwenda kisimani na ndala zile. Mtu alizipeleka pale baadaye ili tudhani alitumbukia. Na nani anayependa kuacha vitu vizuri mahali vitakapoonekana, halafu akaondoka? Mwenye vifurushi. Mwana wa Mbali tena.

Halafu nikwambie. Ulikuwa unanicheka kwamba nanuka sabuni, hata mke wako nilimsikia akicheka, na wifi yangu huyo najua hacheki bila kufundishwa. Leo wewe mwenyewe unaishi dobi likiwa chini ya dirisha lako, mashine inanguruma kutwa. Usiniulize nimejuaje. Masikio ninayo.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Dobi gani? Chini ya dirisha langu kuna kinyozi, na yeye mashine yake inatoshea mfukoni. Sabuni imekupanda kichwani. Omba likizo.

Soli nimerudi kuziangalia, na nakiri ni safi. Umeona vizuri, umehukumu vibaya. Anayezipanga ndala jozi, sambamba, vidole vikielekea upande mmoja, huyo hajalelewa kwenye vifurushi. Huyo ni mtu anayekunja taulo za wageni mara tatu. Binti wa Funguo alizitoa chini ya kitanda cha mama yake akazipeleka kisimani. Na fundi saa vilevile: kamchana nywele! Nani mwingine duniani angemchana maiti nywele, dada, zaidi ya mtu ambaye hawezi kuvumilia kuona nywele za mwenzake zimesimama? Nikiwa mdogo ulinichana kwa kitana cha chuma mpaka nikawa nalia nikisikia tu droo inafunguliwa.

Nimeandika: bado yuko chumba cha juu.

Na kwa kuwa leo umejitia upelelezi wa masikio, na mimi nina yangu. Hiyo lifti ya jengo mlilohamia imezeeka sana. Ina mlango wa chuma wa kukunja na kengele inayolia mara mbili, ya pili ikiwa imechoka. Nilijifunzia kazi kwenye lifti ya aina hiyo. Kebo zake zikichakaa haziagi. Mwambie shemeji amlazimishe mwenye jengo aiite kampuni yoyote, hata siyo yetu. Sisemi hivi kwa ajili yako. Kuna wanaoipanda ambao hawana kosa.

Fundi


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sasa unanitukana na nyumba yangu. Lifti gani? Tunakaa nyumba ileile ya chini, bati na ua, uliyokataa kulala mwaka ule kwa sababu kitanda kinalia. Kama maana yako ni kwamba watu wa maana wanakaa ghorofani, sema, usizunguke. Na wanaoipanda wasio na kosa ni akina nani? Umeanza kuandika kwa mafumbo kama mchezo wenyewe, na hupendezi.

Sehemu ya tano imenichosha. Aliyekufa ni mwalimu wa muziki, ambaye nilimpenda. Kila jioni alikuwa akikaa dirishani na kusema, "Ng'ambo ya bonde kuna taa." Binti wa Funguo anamjibu ng'ambo hakukai mtu. Mwana wa Mbali anamjibu ni umeme wa radi. Kwa mara ya kwanza wale ndugu wawili wanakubaliana, kisha wanakumbuka kwamba wamenuniana. Asubuhi mwalimu anakutwa amelala kitandani, shuka hadi kidevuni, na godoro limelowa hadi maji yanachuruzika chini ya mlango.

Nilirudi nyuma kutazama. Taa ipo kweli, nukta ya njano kwenye kona ya picha, tangu sehemu ya kwanza. Nadhani ni mapambo tu, mchoraji alikuwa na rangi iliyobaki.

Jibu langu halijabadilika. Lako najua halijabadilika pia, maana ukishasema jambo unaona aibu kuliacha. Ukinishinda Mei nitakupa mkono. Lakini hutanishinda, na siku hiyo utakuja mwenyewe kunikabidhi, mlangoni kwangu, mchana kweupe, mke wako akiona.

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Hii namwachia shemeji hapa mlangoni. Nimeletwa mjini kwenu na kazi, lifti ya benki. Nikasema nipite wakati uko kazini, nimwone Mama bila kukuona wewe. Nina haki hiyo.

Mumeo amefungua. Nikamwambia nimekuja kumsalimu Mama. Akaniangalia kama niliyeuliza habari za marehemu. Akasema, "Mama? Si yuko kwako?"

Umemfundisha vizuri. Hata kope hazikutikisika. Nimeingia mwenyewe mpaka chumba cha nyuma. Kitanda kimetandikwa, hakuna mkunjo. Chini ya kitanda nimeziona ndala zake, zile za kahawia zenye ua, zimepangwa sambamba. Kwa hiyo yupo. Umemtoa wapi asubuhi hii? Umesikia nakuja ukampeleka kwa jirani? Au na yeye "amepumzika"?

Aliniambia kwa kinywa chake kwamba anabaki kwako mpaka sehemu ya saba itoke. Tangu wakati ule napiga simu, anapokea, anasema hajambo, anakata. Nikajua umekaa pembeni unamhesabia maneno. Nimevumilia kwa sababu ya dau. Sasa basi. Kesho nitakuja na mjomba, na ukifunga mlango nitaufungua. Kufungua milango iliyokwama ndiyo kazi inayonilisha.

Fundi


18 Aprili

Mdogo wangu,

Nampa mume wangu hii aikimbize benki kabla hujaondoka. Soma maneno yote. Usiruke hata moja.

Mama hayuko hapa. Aliondoka mwishoni mwa Januari. Alisema anakuja kwako. Nilimbebea begi mpaka stendi, nikamwona anaketi dirishani. Nikamwambia umeacha ndala, akasema, "Ziache, kwa mwanangu nina nyingine."

Kama unanichezea, shinda dau. Mchukue. Nakupa kwa maandishi na sahihi, siombi kitu. Ila niambie kwamba yuko kwako.

Namba yako nimeifungua. Fungua yangu.

Dada


6 Mei

Wanangu wawili,

Barua hii ni moja, nimeinakili mara mbili neno kwa neno, asije mmoja akasema mwenzake amependelewa. Nimempa dereva wa basi aitie posta mbali na hapa, kwa hiyo msihangaike na muhuri.

Siku ile mlinipigia mkiwa wawili kwenye simu moja, mnanyang'anyana. Mmoja analia, mwingine anafoka, wote mnauliza swali moja: "Mama, uko wapi?" Nikasema ni mzima, nitaandika, nikakata. Kukata najua. Nimezeekea mbele ya ubao wa simu nikiunganisha watu, na nimeunganisha wadai na wadaiwa, wake na waume waliokimbiana, hata mawakili. Sijapata wateja wagumu kama ninyi.

Sikuibwa, siumwi, sikupotea. Nimepanga chumba. Kina dirisha moja, meza moja, na kompyuta ya mtumba niliyoinunua kwa kazi maalumu mnayoijua.

Desemba nilikuwa jikoni nafunga glasi. Ukuta ule ulikuwa mbao tupu. Niliwasikia wanangu wakiniwekea dau. Nikajisemea, watamaliza hasira, mmoja atakuja mlangoni aniulize, "Mama, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?" Nikafunga glasi zote. Nikafunga sahani. Nikaanza na vifuniko vya sufuria, na nani anafunga vifuniko vya sufuria kwenye gazeti? Hakuja mtu.

Basi nikakaa kwa kila mmoja, niwatendee haki. Fundi, kwako nilikuwa mgeni. Mkeo alinitunza, wewe ulikuwa unanisalimu huku umeshika funguo za gari. Na wewe binti yangu, kwako nilikuwa mgonjwa. Ulinifungia hata kabati la sukari, mimi niliyekufundisha kukoroga chai. Nilinunua ndala jozi mbili zinazofanana, nikaacha moja chini ya kila kitanda, nikavaa viatu vyangu vya kutokea, na nikamwambia kila mmoja niko kwa mwenzake. Nilidhani uongo ule hautafika mwisho wa wiki. Umekaa tangu Januari. Na sikuutunza mimi. Mliutunza ninyi, kwa sababu kila mmoja alilala usingizi wake akijua nipo kwa mwingine. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, na sitalipaka sukari.

Sasa mchezo. Sehemu ya saba imetoka juzi na nimeimaliza. Nawaharibia utamu makusudi. Mwenye Nyumba hakufa. Alitoka kwa mlango wa jikoni siku ya kwanza, akavuka bonde kabla maji hayajajaa, akapanga ng'ambo. Ile taa ya njano kwenye kona ya picha ni ya kwake. Kila jioni anakaa pale akiitazama nyumba yake, wanawe wakinyoosheana vidole kisimani. Ndala alizipeleka mmoja wao ili mwingine ashukiwe. Wageni walikufa maji mmoja mmoja wakijaribu kuvuka bonde, kwa sababu daraja lake lilikuwa limeoza na walioachiwa kuliangalia walikuwa na kazi ya kuchukiana. Kisha yule binti akiokota maiti anaipanga chumbani kwa kaka yake, kaka naye anaihamisha anaipanga mezani kwa dada yake. Wanaikausha, wanaichana nywele, wanaifunika shuka, kila mmoja akimtengenezea mwenzake kosa. Sehemu ile niliisoma kwa sauti kama zamani, peke yangu, ikanishinda kuifikisha mwisho. Nikaimalizia kimya.

Nililijua hilo tangu siku ya kwanza kwenye kochi. Picha ya ndala ilipotokea nikasema, "Hizi ni ndala za ndani. Viatu vyake vya kutokea havipo mlangoni. Huyu hakufa, ametoka." Mkanijibu kwa sauti moja, na ndiyo mara ya mwisho kuwasikia mkikubaliana: "Mama, wewe soma tu."

Mchezo uliuliza yuko wapi. Ninyi mkakaa miezi yote mnajibu nani mbaya.

Dau lenu lilisema atakayeijua kweli kabla ya sehemu ya saba ndiye atakayekaa na Mama. Nimeijua mimi. Basi Mama anakaa na mimi.

Anwani yangu siwapi. Swali ni lilelile, na kila mmoja wenu ana nusu ya jibu, maana nimewapokelea simu zenu nikiwa hapahapa dirishani. Jibuni kwa karatasi moja, sahihi mbili, mtie posta mnakodhani niko. Ikinifikia, mmepata. Isiponifikia, endeleeni kutukanana, mmeshazoea.

Mama yenu


14 Mei

Mama,

Shikamoo. Ninayeandika ni mimi, kwa kuwa mwandiko wa Fundi hausomeki. Yeye amekaa hapa upande wa pili wa meza na ameshapinga sentensi hii.

Alikuja Jumamosi. Siku ya kwanza hatukuandika kitu, tuligombana tu, kuhusu kabati la sukari na funguo za gari. Mume wangu alihamia uani na kiti chake. Siku ya pili nikamwambia Fundi, haya, lifti uliyonitukania ni ipi? Akasema ni ile aliyokuwa akiisikia kwenye simu kila akikupigia. Akaniigizia: mlango wa kukunja unaburuzika, kengele mara mbili, ya pili imechoka. Akanigeuzia swali, na dobi uliloniambia liko chini ya dirisha langu? Nikamwambia ni mashine ya kunyoosha shuka, ile ya magurudumu mawili makubwa, inayoguna kila shuka linapoingia na kupuliza mvuke linapotoka. Hospitalini tunayo moja. Nilidhani ni kwake. Alidhani ni kwangu.

Kisha akasema kuna jengo moja tu analolijua ambalo lifti yake inalia vile, kwa sababu ndipo alipojifunzia kazi, na kazi yenyewe ulimtafutia wewe, ukawa unamletea chakula kwenye shimo la lifti. Nami nikakumbuka kwamba baada ya ofisi yenu ya simu kuondolewa pale, chini palikodishwa na watu wa dobi, nilikwenda kuomba kibarua wakaninyima. Ghorofa za juu wanapangisha vyumba.

Uko kwenye jengo la zamani la simu. Ghorofa ya tatu, chumba kilichokuwa na ubao wako.

Fundi anataka niandike kwamba ghorofa ameijua yeye, kwa jinsi kengele inavyosikika. Ni kweli. Na mimi naandika kwamba kebo ile ikaguliwe kabla hajapanda mtu mwingine, na kwamba amesema atakuja kuikagua mwenyewe na hatataka kuongezewa neno hapo.

Hatuulizi utarudi kwa nani. Tunauliza, Mama, wewe unataka kukaa wapi? Tunajua tumechelewa na kwamba umeshajibu. Tumetaka tu liandikwe, maana wino haukani.

Binti yako
Mwanao, Fundi (na ghorofa nimeijua mimi)


20 Mei

Wanangu,

Marahaba. Imefika. Mleta barua amepanda nayo kwa lifti na hakuna aliyekufa.

Njooni Jumapili, mlango mmoja, wakati mmoja. Tutaanza tena sehemu ya kwanza, nasoma mimi. Fundi asiguse kitufe, na Dada asiguse kabati langu.

Kila mtu aje na ndala zake za ndani. Hapa kwangu ninyi ni wageni.

Mama